Apime Kwanza, Akariri Baadaye

Mama anafua kanzu nyeupe ya Idi. Kifuani pana doa la bizari ya manjano, pale mchuzi wa jana uliporuka. Analipaka sabuni ya mche, analifikicha, na papo hapo umanjano unageuka wekundu wa tofali. Hakuna mwanamke wa Unguja asiyeujua mgeuko huo. Chumba cha pili, mwanawe wa kidato cha pili anajisomea kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba kiashirio ni kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi. Anairudia sentensi hiyo mara kumi, mpaka inateleza yenyewe ulimini. Karai liko hatua sita kutoka alipokaa, naye hajui kwamba mama yake anafanya jaribio lile lile analolikariri.

Mzazi mwenzangu, ukiwa na mtoto anayesoma Fizikia na Kemia kati ya kidato cha kwanza na cha tatu, mtoe chumbani umlete kwenye karai. Mwambie akamulie ndimu lile doa jekundu, aone manjano yanavyorudi. Apake sabuni tena, wekundu utarudi. Kisha mrudishe kitabuni. Sentensi ile ya Kiingereza ataisoma mara moja au mbili, na wakati wa mtihani ataikuta bado ipo.

Nimefundisha masomo haya hapa kisiwani kwa muda mrefu, na nimesahihisha madaftari kwa mamia. Nilikuja kuamini jambo moja: watoto wetu wanaishindwa sayansi kwa sababu tumewaachia waione kama kitu cha wageni, kilichokuja na vitabu na kitakachoondoka na mtihani. Hebu soma orodha ya mada zao. Vipimo, kani, kuelea na kuzama, maada na hali zake, kanieneo, kazi na nishati, mwanga. Mwaka unaofuata umeme, sumaku, mashine nyepesi, mwendo, halijoto. Upande wa Kemia kuna moto, hewa, kutu, maji, michanganyiko na namna ya kuitenganisha. Tembea kwa miguu kutoka Malindi mpaka Mkunazini, kisha uniambie ni mada gani katika hizo hukuipita njiani.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo wengi wanapokwama na sisi watu wazima hatuoni. Mtoto akiingia sekondari anasomeshwa sayansi kwa Kiingereza, na mzigo huo unajulikana. Mzigo wa pili hautajwi: Kiswahili chetu cha kila siku kinaviunganisha vitu ambavyo fizikia inavitenganisha. Sisi tunasema hamali ana nguvu, umeme wa leo hauna nguvu, uji unatia nguvu. Neno moja, mambo matatu. Kinachosukuma au kuvuta ni kani. Akiba inayowezesha kazi kufanyika ni nishati. Na kasi ya kuitumia akiba hiyo ina kipimo chake, wati. Tunasema gunia la mchele lina uzito wa kilo 50. Kitabu kinasema kilo 50 ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo guniani. Uzito ni kani ambayo dunia inalivuta gunia hilo, nao ni kama nyutoni 500. Likipelekwa mwezini, tungamo halipungui hata punje, lakini uzito unabaki sehemu moja kati ya sita. Vilevile joto na halijoto. Kikombe cha chai inayochemka kina halijoto kubwa kuliko tangi la maji lililoota jua juu ya dari, lakini tangi lina joto jingi zaidi, kwa kuwa maji yake ni mengi. Na presha kwetu ni maradhi ya wazee, ilhali kile anachokipima daktari mkononi ni kanieneo hasa ya fizikia, kani iliyogawanywa kwa eneo. Ni hiyo hiyo inayofanya mfereji wa ghorofa ya chini utoe maji kwa kishindo na wa ghorofa ya juu udondoke, tangi likiwa moja.

Mtoto asipoelezwa tofauti hizi kwa Kiswahili, hataziona kwa Kiingereza. Atajibu kwa kubahatisha miaka minne mizima. Maneno yenyewe tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ukiipata nakala, hata kuukuu, ichukue.

Kwa hiyo mnunulie daftari moja la ziada, na katika kila ukurasa apige mistari miwili ya kushuka. Safu ya kushoto aandike neno la Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani. Ya kati aandike neno la Kiswahili. Ya kulia, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa, aandike kitu alichokiona kwa macho yake: nyumbani, pwani, sokoni. Safu ya kulia ikibaki tupu, neno hilo hajalifahamu bado, hata kama analitamka vizuri. Mimi nilikuwa nikilifungua daftari la namna hiyo najua hali ya mwanafunzi kabla sijamuuliza suali lolote.

Jikoni pana zaidi ya ile bizari. Chukua chupa ya mafuta ya nazi ya bibi. Miezi ya kaskazi yanamiminika kama maji. Kikiingia kipupwe, Juni mpaka Agosti, kuna asubuhi anaikuta chupa imeganda, nyeupe tititi, na anaitoa uani ipate jua kabla hajajipaka nywele. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Maana yake ile chupa ya bibi ni kipimajoto, inasema usiku wa jana ulishuka chini ya nyuzi ngapi. Mtoto anayekariri kiwango cha kuyeyuka cha barafu, ambayo haijawahi kuanguka Unguja, ana mfano wake mwenyewe juu ya kabati na hakuna aliyemwonesha. Au tazama tui. Unakuna nazi kwa mbuzi, unakamua kwa kifumbu, machicha yanabaki juu na tui linapita: hilo ni chujio. Liache tui usiku kucha katika bakuli, asubuhi utakuta krimu imepanda juu na maji yamekaa chini, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji kwa ujazo ule ule. Chemsha krimu mpaka maji yaishe, unapata mafuta. Mpishi mmoja amefanya njia tatu za kutenganisha mchanganyiko kabla ya adhuhuri.

Hapa nataka kusema na wazazi wenye watoto wa kike. Msichana anayesaidia jikoni amekwisha kufanya majaribio ya Kemia mengi kuliko kaka yake, ila hakuna aliyempa saa, mizani na kalamu. Nyumbani mkifanya jaribio, usikubali kaka ashike vipimo na dada awe wa kuosha vyombo. Ashike saa yeye. Aandike yeye. Nimewaona wasichana wakali wa hesabu waliojizoesha kukaa nyuma ya meza ya maabara, kwa sababu ndivyo walivyozoea kwao.

Sasa twende pwani, ambako kisiwa chetu kina utajiri ambao skuli nyingi za dunia zinautamani. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kanuni ya Archimedes na mwalimu ambaye hakuleta hata kikombe cha maji darasani. Tuliandika kwamba kitu kilichozama husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa majimaji kiliyoyaondoa, tukapigiwa tiki. Skuli yenyewe ilikuwa karibu na bahari. Madirishani tuliona milingoti.

Usimfanyie mwanao hivyo. Mpeleke Malindi, majahazi yanapopakua, mkae kitako mtazame mstari wa maji ubavuni mwa chombo. Gunia likishuka, chombo kinapanda. Kisha mpe hesabu. Lita moja ya maji ya kisima ina kilo 1, lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 1,025, kwa sababu ndani yake mna gramu 35 hivi za chumvi. Jahazi lenye tani 40 pamoja na shehena, likiwa katika maji baridi linahitaji kuondoa mita za ujazo 40 za maji ili lielee. Likiingia baharini linahitaji 39 tu. Zamani vyombo vilivyopakia boriti katika delta ya Rufiji vilianza safari katika maji ya mto na kumalizia katika maji ya chumvi. Chombo kilekile, shehena ileile, kikapanda kidogo kilipoyakuta maji ya bahari. Hilo ni suali zuri la mtihani, na mtoto aliyekaa Malindi nusu saa hatalikosea.

Nyumbani fanyeni la yai. Yai bichi, jipya, ndani ya bilauri ya maji ya mfereji. Kabla hajalitia, mwambie aandike anachokitarajia. Nasisitiza aandike, kwa sababu ubashiri wa mdomo husahauliwa matokeo yakija, na kila mtu hujifanya alijua. Yai litazama. Sasa atie maji ya bahari badala yake. Watoto wengi huandika kwamba litaelea, na litazama vilevile. Hapo ndipo macho yanapofunguka. Aanze kutia chumvi kijiko kimoja kimoja, akoroge, ahesabu. Yai linataka maji yenye chumvi karibu mara tatu ya bahari yetu ndipo lielee. Jaribio lililompinga mtoto humkaa kichwani kuliko kumi yaliyokubaliana naye.

Bahari ina suala jingine kubwa, kupwa na kujaa. Kina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, wanaijua bamvua na maji mafu bila ya kufungua jedwali lolote, maana riziki yao iko pale maji yanapokimbia mbali. Mwanafunzi wa mjini huenda hajui kwamba maji ya leo yatajaa kesho yamechelewa kama dakika 50. Mpe kazi ya wiki mbili: kila siku aende ufukweni Mizingani au popote palipo karibu, aandike saa maji yalipofika juu kabisa, alama waliyofika ukutani, na mwezi ulivyokuwa usiku ule. Siku ya kumi na nne achore grafu. Ataona mwenyewe kwamba baina ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, na kwamba maji hupanda na kushuka zaidi mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwa pamoja. Grafu ya namna hiyo ndiyo wanayoogopa kuichora mtihanini. Ukimkuta mvuvi, muulize naye. Mtoto na amuamkie kwa adabu, aketi, asikilize. Wazee wa pwani wanajua mengi ambayo vitabu vinayaeleza kwa maneno mengine.

Kabla hamjaondoka bandarini mwoneshe gofia, ile roda inayopitisha henza wakati wa kutweka tanga. Roda moja iliyofungwa mlingotini haipunguzi kani ya mvutaji. Inamgeuzia upande tu, avute chini ili foromali ipande juu. Ikiongezwa roda inayotembea pamoja na mzigo, kani inayohitajika inapungua nusu, lakini kamba ya kuvutwa inakuwa mara mbili. Hiyo ndiyo sheria ya mashine zote: unachokipunguza katika kani unakilipa katika urefu. Wenzo, mteremko, skrubu, zote zinalipa hivyo hivyo.

Ukirudi Mji Mkongwe, simama mbele ya ukuta wowote uliobanduka lipu. Utaona jiwe la matumbawe na chokaa. Jiwe hilo ni kalisiamu kaboneti. Kwenye tanuu, kwa moto wa nyuzi 900 hivi, linapoteza dioksidi kaboni na kuwa chokaa kali. Ikimwagiwa maji inafoka na kutoa joto la kutisha, inakuwa chokaa iliyozimwa, ndiyo mafundi wanayoifanyia kazi. Ikishapakwa ukutani inaanza kunywa tena dioksidi kaboni kutoka hewani, polepole, mpaka inarudi kuwa jiwe. Mji wote huu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umesimama juu ya milinganyo mitatu ya Kemia. Na ndio maana mafundi wa ukarabati wanakataza kupaka saruji juu ya kuta kongwe: chokaa inapumua, inaachia unyevu utoke, saruji inaufungia ndani na jiwe linaoza.

Majaribio yake ni rahisi. Tone la ndimu au siki juu ya kipande cha tumbawe, kombe au ganda la yai litatoa povu dogo; hiyo ni dioksidi kaboni inayotoroka. Chokaa iliyozimwa, kijiko kimoja katika chupa ya maji, ikitikiswa na kuachwa ituame mpaka kesho, inatoa maji angavu juu yake. Yamiminie katika bilauri bila ya kutibua, mtoto apulizie pumzi kwa mrija. Yatageuka kama maziwa, na atakuwa ameithibitisha gesi inayotoka kifuani mwake. Apulize tu, asivute, na mtu mzima awepo. Chokaa kali, ile isiyozimwa, isimfikie mtoto kabisa, kwa sababu inaunguza ngozi na kupofua macho. Siri nyingine ya kuta hizi ni unene. Ukiwa na kipimajoto cha chumba, apime ndani ya nyumba ya mawe, ndani ya chumba cha bati, na chini ya paa la makuti, saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa siku tano. Jedwali hilo litamfundisha upitishaji wa joto kuliko ukurasa wowote, na huenda likampa mwenye nyumba mawazo atakapotaka kujenga.

Umeme wanauogopa sana, na kwa upande wa waya za ukutani wana haki ya kuogopa. Asiziguse. Betri mbili za tochi za volti 1.5, waya mwembamba na kiglopu kidogo vinatosha mwaka mzima. Kwa hesabu, mita ya umeme ya TUKUZA ndiyo kitabu. Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Birika la wati 2,000 likichemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na nyuzi 28, maji yanahitaji jouli kama 302,000; gawanya kwa 2,000 upate sekunde 151. Mwambie apime kwa saa ya simu. Atapata zaidi, pengine dakika tatu, na suali la maana ni zile sekunde za ziada zimekwenda wapi. Zimepasha birika lenyewe, zimetoka na mvuke, zimepotea hewani. Sasa amefahamu ufanisi bila ya kuliogopa neno.

Wasimulie pia kiza cha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, mpaka Fumba ulipoharibika na Unguja ikakaa miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Mabomba yalikauka kwa sababu pampu zilisimama, samaki wakaharibika, jenereta zikanguruma kila kichochoro. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013, wa megawati 100 na volti 132,000. Muulize kwa nini volti zote hizo wakati nyumbani tunatumia 230. Jibu liko katika kanuni anayoisoma: kwa kiasi kilekile cha umeme, volti zikizidi mkondo unapungua, na mkondo ndio unaopasha waya na kupoteza nishati njiani.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo ningependa kila mtoto wa kidato cha tatu aisikie. Mwaka 1963, katika Skuli ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu, naye akaogopa kuikosa, akayatia yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, aliyeyatia bila ya kuyachemsha, bado uji. Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amejichanganya. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na akachekwa. Mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakunyamaza. Alichukua vyombo viwili vya maabara, maji ya moto na ya baridi, akajaribu mwenyewe. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuwahutubia, akasimama mbele ya wenzake akauliza suali lile lile. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam akaamuru lijaribiwe, na mwaka 1969 wote wawili walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote.

Mwisho wa hadithi ni muhimu kama mwanzo wake. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha. Wengine wanasema hutokea katika hali fulani, wakitaja mvuke unaopotea, gesi zilizomo majini, mzunguko wa maji ndani ya chombo. Mwoneshe mwanao kwamba hapo ndipo sayansi ilipo hai, na kwamba mwenye friza ya malai nyumbani anaweza kuingia katika mjadala huo leo: vikombe viwili vya aina moja, maji kipimo kimoja, kimoja cha nyuzi 70 na kimoja cha 30, mahali pamoja, aandike kila dakika kumi. Yakitoka sawa na ya Mpemba, aandike. Yakitoka kinyume, aandike hivyo hivyo. Kosa kubwa nililokuwa nikilikuta maabara ni mwanafunzi kubadilisha namba zake ili zifanane na za kitabu. Mzazi anayemsifu mtoto kwa jibu sahihi tu anamfundisha uongo huo bila ya kukusudia.

Najua utaniambia mtihani uko mlangoni, na tuisheni za usiku zimejaa. Sikatai kukariri. Alama za vipimo, kanuni, majina ya elementi, lazima viingie kichwani, na njia ni kurudia. Nasema tu visitangulie. Na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne haukaririki. Kamba ya mita moja, jiwe mwishoni, ining'inie kutoka boriti: mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi huchukua sekunde 2 hivi. Ifupishe mpaka robo mita, itachukua 1. Jiwe zito au ndimu, muda ni ule ule. Apime mizunguko 20 agawanye, asipime mmoja. Mtoto aliyefanya hivyo barazani mara tatu anaingia maabara ametulia.

Mwalimu asiyekuwa na vifaa naye simlaumu; nimesimama mbele ya darasa la watoto wengi na bilauri moja. Lakini bilauri moja ikipitishwa mkono kwa mkono inatosha kwa mengi, na mzazi akileta ndimu kumi na kipande cha tumbawe, somo limepata vifaa. Waalimu wengi wangefurahi kuombwa.

Kipupwe kikifika, mafuta ya bibi yataganda tena juu ya kabati. Mwombe bibi asubiri kidogo kabla hajaitoa chupa juani, mtoto aamke, aitazame, na aandike tarehe, saa na nyuzi za joto katika daftari lake.